Mikono ya Mzee Selemani

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mikono ya mtu yaweza kumuua mtoto mchanga kwa kumbeba tu. Imani hiyo niliipokea kwa bibi mzaa baba, aliyeletwa kwa ndege kutoka Tanga hadi Johannesburg katika baridi ya mwaka 2015, kuja kumlinda mdogo wangu.

Alihitaji kulindwa. Kabla yake mama alikuwa amezaa watoto wawili, na hakuna aliyefikisha arobaini. Nilikuwa nimeziona sanda zao, fupi kama mto wa kulalia, zikiteremshwa ngazi za jengo letu la Fordsburg. Kwa hiyo bibi alipofungua sanduku lake la udi na mafuta ya nazi, akaanza kutangaza miiko ambayo siku nyingine ningeicheka kwa Kiingereza pamoja na rafiki zangu wa shuleni, sikucheka. Mmoja ulikuwa mkuu kuliko yote: mtu aliyepata kumwaga damu ya binadamu asimbebe mtoto kabla ya arobaini, kwani mtoto huyo hataifikia.

Baba naye alikuwa amekwisha kuchagua nani angembeba. Orofa ya juu yetu alikaa Mzee Selemani, Mwaljeria mgane aliyekuja kuishi na binti yake aliyeolewa hapa. Ujanani aliipigania nchi yake milimani. Uhuru ulipopatikana akavaa suti, akaingia wizarani, akatumwa ubalozini Dar es Salaam, kisha akarudi kwao kuwa mkurugenzi hadi alipostaafu. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, naye hakuacha kunitania: binti wa Tanga, nani aliyekuibia ulimi? Baba aliuza vitambaa, na askari wa jiji walizoea kumfokea mbele ya wateja. Lakini alipotembea na mzee huyo kwenda msikitini alijiona mrefu. Alitaka siku ya akika mzee amnyanyue mtoto mbele ya watu na kumpa jina lake mwenyewe, Selemani.

Siku ya saba, baada ya swala ya alasiri, wanaume walijaa sebuleni, biriani imekwisha kuliwa, hita ya gesi ikivuma pembeni. Baba alikwenda kwenye pazia la chumba cha mama kumchukua mtoto. Bibi alikuwa amesimama pale pale, mtoto kifuani, na hakumwachia. Baba alinong'ona kwamba anamwaibisha. Bibi hakunong'ona. Alisema amewalilia wajukuu wawili kwa simu, na wa tatu hatamlilia.

Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani, msusi, aliyekuwa chumbani na wanawake wenzake, alimvuta kanga. "Mama, batu bote banaangalia."

Bibi akamjibu kwamba waangalie.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la kahawa. Nilimtazama mama kitandani, machozi yakimtiririka bila sauti, nikajua kwamba naye anaamini. Nikalitua sinia sakafuni.

Mzee Selemani aliinuka kwa fimbo yake, akaja taratibu hadi karibu na pazia.

"Dada," alisema, "unaogopa nini kwangu?"

"Shikamoo, kaka. Nisamehe. Uliwahi kuua mtu?"

Baba alijishika kichwa. Alianza kueleza mbio mbio kwamba ile ilikuwa vita ya haki, vita ya kumtoa mkoloni, na kwamba dunia nzima inajua. Mzee akamnyamazisha kwa kiganja.

"Vitani niliua," alisema. "Wale walikuwa na bunduki, nami nilikuwa na bunduki. Ingekuwa ni hao tu, dada, ningekubembeleza unipe mtoto."

Nilidhani amemaliza.

"Baada ya uhuru nilipewa ofisi. Siku moja lililetwa mezani jina la mtu niliyelala naye pango moja vitani, tukigawana mkate. Walisema ni msaliti, auawe. Sikuuliza. Nilitia sahihi, nikaenda kula. Nilikuwa nimetoka kutia udhu, dada. Mikono hii haijapata kuwa safi kama siku ile."

Mzee aliiegemeza fimbo ukutani, akaiweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama mwanafunzi asiyetaka kukaguliwa kucha.

"Usinipe. Wala msimwite jina langu."

Ndipo bibi alipofanya jambo ambalo mwiko wake haukuliagiza wala kulikataza. Alimfunua mtoto uso, akamwinua kidogo ili mzee amwone. Mtoto akapiga chafya. Mzee akamwombea dua pale pale aliposimama, na hiyo ndiyo dua ya pekee niliyopata kuiona ikiombwa mikono ikiwa imefichwa.

Mdogo wangu alipewa jina la babu yetu. Alifikisha arobaini, na siku hizi anavunja vioo vya majirani kwa mpira. Mzee Selemani hakuwepo kwenye arobaini hiyo. Binti yake alitueleza kwamba amerudi Algeria kuwatafuta ndugu wa yule rafiki yake, na kwamba alimsihi abaki, hakukubali. Hatukupata kujua kama aliwaona.

Nilipokua na kusoma, niliuona mwiko ule kuwa ni ujinga. Mdogo wangu aliishi kwa kuwa mapafu yake, tofauti na ya wale wawili waliomtangulia, yalikuwa mazima. Bado naona hivyo. Lakini mzee yule alipewa nishani, akapewa gari na dereva, akaalikwa kwenye kila karamu, na pengine katika umri wake wote ni ajuza mmoja wa Tanga, kwa hofu tu ya mjukuu wake, aliyemwuliza swali alilokuwa akilingoja. Sisi wengine, baba akiwa wa kwanza, tulimheshimu mno kiasi kwamba hatukuwahi kumwuliza.

Siku hizi, kila ninapoona kiongozi akinyanyua mtoto wa watu mbele ya kamera, macho yangu humtafuta bibi wa mtoto huyo, nikitamani kwamba awe karibu, na kwamba asione haya kuuliza.