Ruhusa ya Kushuka Mlima wa Kibati

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu mabega yangu yalikuwa bado na nguvu, na mdomo wangu ulikuwa na haraka kuliko mabega. Nilikuwa kijana wa chukudu hapa Goma. Ninyi mmekulia kwenye pikipiki, lakini chukudu mnaijua: mbao tupu, magurudumu mawili, injini hakuna. Kwenye mpando unaisukuma wewe, kwenye mteremko inakubeba yenyewe pamoja na viazi vyako, na wa kukulinda ni Mungu na kile kipande cha mpira wa breki. Kila asubuhi nilishuka kutoka Kibati na magunia ya viazi na makaa, upepo ukinipiga kifuani, nikajiona rubani.

Nakusimulia haya kwa kuwa nimesikia komine, serikali yetu ya mtaa, imewaita ninyi wa pikipiki mtoe maoni juu ya permi mpya, ile leseni ya kuendesha. Sisi pia tuliitwa.

Ulikuwa wakati wa vita. Watu walikuwa wakikimbia kutoka upande wa Rutshuru, wakajaa Kanyaruchinya, nje ya mji, mahema juu ya mawe meusi mpaka jicho linapoishia. Wanaume wengi walikuja na chukudu zao, na kwa vile njaa haina aibu, walibeba mizigo kwa bei ya chini kuliko yetu. Sisi wenyeji tukaanza kununa. Ndipo ikatangazwa redioni, makanisani na msikitini: komine inataka kubadilisha kanuni za chukudu, lakini kabla ya kutia sahihi, raia waje waseme wanavyoona. Kila chukudu itakaguliwa breki, na jioni itaacha barabara saa iliyopangwa. Kila mwendeshaji atajaribiwa, na akifaulu atapewa permi. Na permi hiyo atapewa tu mtu mwenye karatasi ya kuonyesha kwamba ana makazi mjini. Hiyo ya mwisho ilitufurahisha, nisikufiche. Tulisema dawa imepatikana.

Wenzangu walinichagua niwasemee, kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule na Kifaransa kilinitoka bila kukwama. Tulikutana katika karakana ya Muzee Musafiri, fundi aliyetutengenezea chukudu karibu sisi sote. Alikuwa Muislamu wa hapa hapa Goma, babu zake walikuja na biashara kutoka Maniema, mtu wa maneno machache. Nikasimama katikati ya vumbi la mbao, nikaijaribu hotuba yangu. Nilipofika kwenye ile karatasi ya makazi, vijana wakapiga makofi. Muzee hakupiga.

"Paluku," akaniita, "mama yako alifika hapa Goma namna gani?"

"Kwa miguu, muzee. Alikuwa anakimbia vita."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mugongoni."

"Mutu gani alimuuliza karatasi?"

Muzee akaweka randa yake chini, akajipangusa mikono taratibu.

"Na ile siku mulima uliwaka moto, sisi wote hatukukimbilia Gisenyi, kule Rwanda? Mimi nililala kwa mutu hata jina lake siijui. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sasa unaenda kusema juu ya batu bengine. Umewauliza?"

"Hapana, muzee."

"Basi kesho upande Kanyaruchinya, uwaulize. Kiisha useme kile unataka, sitakuzuia."

Yalinichoma, mwanangu. Hakuna kijana anayependa kukemewa mbele ya wenzake. Usiku nilijigeuza kitandani nikimjibu moyoni maneno makali ambayo mdomo usingethubutu. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kazi yangu ilihitaji miguu. Asubuhi nikapanda.

Nilimkuta kijana wa rika langu, jina lake Bahati, anagongea msumari gurudumu la chukudu yake mbele ya hema. Ndani alilala mama yake. Bahati aliniambia kwamba kijiji chao kiko karibu na Rumangabo, na siku ya kukimbia mama hakuweza kutembea. Basi alimlaza juu ya chukudu, akamfunga kwa kitenge asianguke, akamsukuma mpaka pale, mke wake nyuma na mtoto juu ya mzigo. Nikamsomea kanuni moja moja. Alisikiliza zote kabla ya kusema neno.

"Ya breki ni muzuri," akasema. "Ya kutujaribu nayo ni muzuri, bakuje baone kama ninajua kushuka. Lakini ile karatasi nitaitoa wapi, ndugu yangu? Nyumba yangu iko nyuma ya vita."

Nikamwomba aje mkutanoni. Akasita, maana aliyekimbia hapendi kuonekana. Nikamwambia atakaa kando yangu.

Siku ya mkutano ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Mama mmoja wa komine, mkubwa wa mambo ya usafiri, alizisoma kanuni zote kwa Kifaransa, akazirudia kwa Kiswahili, kisha akasema, "Bado hatujasaini. Museme, tutaandika."

Nikasimama. Nilisema breki tunaikubali. Nilisema jaribio tunalikubali, ila lifanyike mlimani, kwa lugha ya mlimani, si kwa kalamu. Nilisema saa ya kuacha barabara isiwe mapema, maana soko linachelewa. Kisha nikavuta pumzi, nikasema karatasi ya makazi tunaomba iondolewe.

Ukumbi ukavuma. Rafiki yangu Kasereka, yule aliyenipigia makofi wa kwanza kule karakanani, akasimama macho yamemwiva.

"Hatukukutuma vile. Batoto yangu batakula nini, kama kila mutu anabeba kwa bei ya bure?"

Lilikuwa swali la kweli, sikulidharau, na hata wewe usidharau swali la mtu mwenye watoto. Nikasema, "Kasereka amesema haki. Lakini wa kumjibu si mimi." Nikamshika Bahati mkono.

Akainuka. Hakulia, hakuomba huruma. "Tunabeba kwa bei kidogo kwa sababu tunaogopa mutatufukuza," akasema. "Mutukubali mu kazi, tutachukua bei yenu. Hata sisi tuko na batoto."

Akakaa. Kasereka alibaki amesimama, anamwangalia, na sisi sote tunamwangalia yeye. Mwisho akamgeukia yule mama wa komine.

"Basi, mama, andika. Bei ni moja kwa wote. Ile ya karatasi, muitoe."

Kanuni zilipotoka, hatukupata yote. Saa ya kuacha barabara waliiacha palepale, na tuliilalamikia mpaka tukazoea. Lakini karatasi ya makazi ilifutwa, na jaribio likafanyika kwenye mteremko wa Kibati mbele ya watu. Bahati alishuka na magunia yake bila kuyumba, akasimama kwenye mstari uliochorwa, kama aliyeambiwa na gurudumu lenyewe. Aliyemkimbilia wa kwanza na kumkumbatia alikuwa Kasereka.

Mwanangu, nimejenga nyumba hapa Goma, nimesomesha watoto, nimezika na nimeozesha. Lakini ukiniuliza ninajivunia nini, nitakuambia siku ile. Watu wenye njaa walipewa nafasi ya kuwafungia mlango wenzao, na kwa midomo yao wenyewe wakakataa. Hao ndio watu wa Goma. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi niliyaona kwa macho.

Basi mkiitwa, nendeni. Usiseme komine imeshaamua, kwa nini nijichoshe, maana anayenyamaza huamuliwa. Ila kabla ya kusimama, mtafute yule ambaye kanuni itamfunga na hayupo ukumbini, umsikilize mpaka mwisho. Omba unachohitaji bila aibu, na hofu yako iseme wazi, kwa maana hofu iliyofichwa ndiyo hugeuka chuki. Na mzee akikukemea mbele ya wenzako, meza mate, halafu upande mlima ukaone.

Mungu wa mama yangu na wa Muzee Musafiri awashike barabarani. Awape breki nzuri na ulimi mzuri zaidi, na popote vita itakapowasukuma, mkute mtu wa kusogea kidogo awape nafasi. Amina.