Kaseti Iliyotakiwa Ichomwe

Jumamosi moja ya kijijini kwetu Kianjai bado naiona, mjukuu wangu, kama unavyouona ukungu wa milima ya Nyambene ukiteremka: polepole, bila sauti, hadi umefunika kila kitu. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenirudisha huko juzi, ulipokuja kunitembelea hapa Majimbo, Embu, ukaweka simu yako mezani na kuniambia, "Cucu, sikiza hii albamu. Ni roki ya miaka ya themanini, na karibu hakuna mtu anaijua."

Gitaa la kwanza lilipolia nikaweka kikombe chini. Ukadhani kelele imenikera. Kumbe nilikuwa nimeitambua hata kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Albamu hiyo iliyopitwa na dunia nzima, mwanangu, nyanya yangu aliisikiza, naye alikuwa mkulima wa maharagwe asiyejua neno moja la Kiingereza. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa msichana wa sekondari. Kaka yangu mkubwa, Murithi, alikuwa chuoni Nairobi, na sisi wote nyumbani tulitembea vifua mbele kwa sababu yake. Chuo kilipofungwa kwa ajili ya migomo, alirudi na begi moja na redio ya kaseti. Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyeenda. Murithi wa kuchekesha watu shambani alikuwa sasa anajifungia chumbani, uji unapoa mlangoni, na kutoka ndani inasikika kaseti moja tu, ile ile, kutwa. Magitaa yalianzia mbali kama mvua iliyo bado kwenye mabati ya jirani, kisha yakakufikia na kukulowesha. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe chini ya dirisha lake, nikijikuta mikono imesimama. Maneno mengi sikuyashika. Nilihisi tu kwamba kuna mtu anatembea peke yake mahali papana sana, na ananiita bila kujua jina langu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa haki na wa maneno machache. Siku hizo mhubiri mmoja alipita sokoni akihubiri kwamba muziki wa namna hiyo ni wa shetani, na kwamba kila mzazi alete kaseti hizo Jumapili zichomwe. Majirani wakageuza shingo kuangalia kwetu. Usimcheke Baba, mwanangu. Aliogopa. Alimwona mtoto wake akikonda, na hakuna aliyempa sababu isipokuwa yule mhubiri. Mfa maji hukamata maji.

Basi Jumamosi hiyo, baada ya chakula cha mchana, Baba akaufungua mlango wa Murithi bila kubisha. Nikainuka nikasimama nyuma yake.

"Nipe hiyo kitu," akasema.

Murithi alikuwa ameketi kitandani, redio mapajani. Akaikumbatia kama mtu anayemkinga mtoto na baridi. "Hapana, Baba."

Katika nyumba yetu neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa. Nilimwona Baba akivuta pumzi, na mkono wake ukapanda. Sijui ungeteremkia wapi. Hapo ndipo Juju alipoingia, yaani nyanya yetu, mama yake Baba. Ndivyo sisi Wameru tunavyowaita nyanya, kama wewe unavyoniita Cucu. Alikuwa mfupi, mwenye kutembea kana kwamba hakuna lolote duniani linalomngoja. Akapita katikati yao, akaketi kitandani kando ya Murithi, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa.

Akamwambia Baba kwa Kimeru, nami nakutafsiria, "Umeshaisikiza?"

"Mama, hiyo si kitu ya kusikizwa."

"Sijakuuliza kama inafaa. Nimekuuliza kama umeisikiza."

Juju akamgeukia Murithi. "Iweke, baba yangu. Kutoka mwanzo." Alimwita hivyo kwa kuwa Murithi alibeba jina la baba yake Juju.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa vurumai, ngoma zinakimbizana. Juju akakunja uso. "Hawa nao, wana haraka ya kwenda wapi?" Nikaficha kicheko. Wa pili vilevile. Lakini wa tatu, ah, wa tatu ulishuka taratibu, gitaa moja tu na sauti ya kijana iliyokaribia kukatika. Juju akaweka kiganja juu ya redio, akaisikia inavyotetemeka, akafumba macho. Nje hata kuku walikuwa wametulia. Nilidhani amesinzia.

Kisha akasema, akiwa bado amefumba, "Huyu analia. Na wewe unalia pamoja naye. Murithi, nani amekufa?"

Wimbo ukaendelea peke yake.

"Njeru," kaka yangu akasema. "Rafiki yangu, Juju. Tulikuwa tunalala chumba kimoja. Alienda kwao Embu akiwa na homa, na wakati nilipata habari walikuwa wamemzika. Hii kaseti ni yake. Aliiokota kwa muuzaji ambaye alikuwa anataka kuitupa kwa sababu hakuna mtu alikuwa anaitaka. Njeru alipenda vitu ambavyo watu wameacha."

Akalia, mwanangu. Mwanamume mzima, mabega yakiruka. Wahenga wanasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Lakini huyu mfiwa alikuwa hajaanza, nasi tungeingiaje? Juju alimshika kichwa akakilaza kwenye bega lake. Baba alikuwa bado amesimama, mkono umeshuka, akitazama sakafu. Mwishowe akaketi upande wa pili wa kitanda. Betri zikaanza kuisha, na sauti ya yule mwimbaji ikawa nzito, ikiburutwa, ikizama. Hakuna aliyeinuka kuizima.

Kesho yake asubuhi, Baba akiwa tayari amevaa koti la kanisani, nilimwona akizitoa zile betri na kuzianika juani juu ya jiwe, tulivyokuwa tukifanya ili zipate nguvu kidogo. Kanisani moto uliwashwa. Mtu mmoja akamuuliza mbele ya wote kama amekuja na ya kwake. Baba akajibu, "Kwangu hakuna cha kuchoma," akaingia kuomba.

Wiki iliyofuata yeye na Murithi walisafiri hadi Embu kutoa pole. Murithi anasema mama yake Njeru alimshika mikono yote miwili, hakuiachilia hadi chai ilipopoa. (Mimi niliolewa huku Embu kwa njia nyingine kabisa, usinitungie hadithi.) Leo kaka yangu anafuga ng'ombe kule Ruiri, na amerudia kuchekesha watu.

Sasa sikia ninalotaka kukwambia, mwanangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukimwona mtu amejifungia na jambo usilolielewa, liwe ni muziki, ni ukimya au ni hasira, usianze na kiberiti. Keti kando yake usikize hadi wimbo wa tatu, kisha uliza. Nawe ukiwa ndiwe uliyejifungia, usingoje nyanya aje akufungulie. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sema. Hata kwa sauti mbaya, sema. Na usipime kitu kwa wingi wa wanaokijua. Vijana wale wa ng'ambo waliimba, hakuna aliyewapigia makofi, na hawatajua kamwe kwamba walimlilia Njeru kule Kianjai.

Mungu akupe masikio mapana na mdomo usioogopa. Akuzungushie watu wasiokuharakisha. Na siku yako ya huzuni ikifika, kwa kuwa hufika kwa kila mtu, asikose mmoja wa kuketi kitandani kando yako. Enda salama, mwanangu.