Mvua Iliyomnyima Protus Likizo

Saa tano asubuhi wingu zito linatanda juu ya Riyadh, na Protus Wekesa anatupa jembe, anakimbia. Watoto wa bosi wamejaa uani wakishangilia mvua. Yeye anakokota nyavu za kivuli na kufunika miche harakaharaka, kama mtu anayeanua mahindi.

"Kwetu Bungoma, mvua ya Machi ikigonga bati hulali. Unatoka na jembe," anasema akihema. "Huku, wee! Mvua naiogopa."

Ana sababu. Mwaka 2015 wakala alimwambia anakuja kuwa dereva. Kufika, kafili, yule tajiri aliyemdhamini, akamkabidhi reki na mpira wa maji wa bustani. Akakubali, angefanyaje? Nyumbani alikuwa amemwacha mkewe Keziah mjamzito.

Machi iliyofuata madam, mke wa kafili, alimwahidi kwamba maua yakichanua kabla ya sherehe ya uchumba wa bintiye, atampa likizo akamwone mtoto. Protus akalima matuta ya maua, akatia samadi, akaikuza miche kivulini.

Asubuhi moja ikanyesha, ngurumo na yote. Akafanya kile ambacho kwao kila mtu hufanya: akaipanda miche yote siku hiyohiyo, akaondoa nyavu inywe mvua ya Mungu, akafunga hata bomba la maji. Nani angemlaumu?

Kesho yake likaja vumbi.

"Niliona ukuta mwekundu unatembea. Haki ya Mungu, nilidhani ni mwisho wa dunia."

Vumbi likapita, likafuata joto la kuchoma nyayo. Miche yote ikalala. Yote, jamani!

"Nilikaa kwenye tuta nikashika kichwa. Nilijua msimu wa mvua umeanza. Kumbe ilikuwa ni hiyo moja tu!"

Madam alitoka, akatazama, asipandishe hata sauti. "Halas, Protus. Mafi likizo." Yaani basi, hakuna likizo. Protus anasema afadhali angetukanwa.

Mwaka huu ahadi ni ileile, ila sasa ni harusi yenyewe. Matuta ameyachimba yakae chini yashike maji, na miche anaizoesha jua kidogo kidogo.

Mvua inakatika hata hajamaliza kufunika. Jua linarudi na ukali wake. Protus anachungulia chini ya wavu: maua yake ya petunia yametoa matumba. Anacheka peke yake.

"Mwanangu Derrick alijifunza kutembea bila mimi, sasa anakimbia," anasema. "Nikifika najua atanikimbia, hanijui. Sawa tu. Nitamfuata mbio mpaka jikoni kwa mamake."