Siku Niliyoomba Bahari Igande

Harufu ya amonia haisahauliki. Inapanda puani kama pilipili iliyoungua jikoni, na machozi yanatoka kabla hujajua unalilia nini. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Kismayo: amonia ya kiwanda cha barafu kilichokuwa karibu na bandari, imechanganyika na magamba ya samaki na unga wa mbao ulioloa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimepelekwa kwa shangazi ili nisome, kwa kuwa kisiwani kwetu Chula madarasa ya juu hayakuwapo. Kila nikitoka shule nilipita pale kiwandani ili mashavu yangu yapate ile baridi iliyotoka mlangoni. Tulikuwa watu wa joto, na baridi kwetu ilikuwa kitu cha kwendewa na kutazamwa.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashua, mtu wa maneno machache na hakika nyingi. Kabla sijazaliwa alifanya kazi mwaka mmoja katika kiwanda hicho hicho, akichonga vifuniko vya mbao vya tangi kubwa. Tangini mlikuwa na maji ya chumvi yenye baridi kali, na humo yalitumbukizwa makopo marefu ya bati yaliyojaa maji matamu. Yale matamu yaliganda yakawa magogo ya barafu. Ya chumvi, yaliyoyazunguka, yalibaki maji tu. Baba aliyaona hayo kila siku kwa mwaka mzima, na alichokiona baba kwa macho yake hakuna aliyeweza kumwondolea.

Likizo moja nilirudi Chula na hadithi iliyonijaa hadi kooni. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametusimulia habari za watu waliokwenda kuitafuta ncha ya dunia. Bahari iliganda ikawashika, meli yao ya mbao ikabanwa mpaka mbavu zikavunjika, nao wakatembea kwa miguu juu ya bahari wakiburuta mashua zao. Asubuhi nilikaa kando ya mashua mpya, nikimsokotea baba pamba ya kalafati ya kuzibia nyufa za mbao, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Hata aliuliza mbavu zile zilikuwa za mti gani. Kisha akaweka nyundo chini.

"Mai ya bahari hayagandi," akasema. Mai, kwa Kibajuni chetu, ni maji, na mchu ni mtu.

"Mwalimu amesema, baba."

"Mwalimu wako kayaona? Mimi nimeyaona. Mchu afundishaye wana urongo, mimi simpi mwanangu."

Sikuamini kwamba amekata shauri mpaka nilipomwona mama akitoa nguo zangu begini na kuzipanga sandukuni mwake. Mama alifurahi, wala hakuficha. Njia ya mwongo ni fupi, aliniambia, heri shule yenu imefika mwisho mapema. Nililia siku mbili. Sikulilia hesabu wala ramani. Nililia kwa sababu dunia ilikuwa imenifungulia mlango kidogo, na baba yangu mwenyewe, niliyempenda kuliko watu wote, ndiye aliyekuwa akiusukuma ufungwe. Siku ya tatu nilimwendea nikamwambia twende tukapime kiwandani: ya bahari yakiganda nirudi shule, yasipoganda nibaki nyumbani. Nilijua ninachofanya. Fundi anaweza kukataa maneno ya mtu, lakini kipimo hakikatai.

Alicheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kushinda, akakubali, akaingia baharini hadi magotini akachota maji mwenyewe kwa mkebe mmoja wa maziwa ya unga. Akaufunga kifuniko na kuuzungushia lami, mtu asije akasema maji yamebadilishwa. Tulipofika Kismayo, Athumani, fundi mitambo wa kiwanda na rafiki wa baba tangu zamani zile, aliutazama mkebe kisha akatutazama sisi.

"Yaani mumevuka kutoka Chula kuja kugandisha bahari?"

"Wewe tia," baba akamjibu. "Kesho narudi nyumbani na mwanangu."

Athumani aliufunga mkebe kwa waya akautumbukiza kati ya makopo. Jioni ile kwa shangazi sikula. Nilisali magharibi, nikasali isha, na kila nikimaliza nilimwomba Mwenyezi Mungu aigandishe bahari. Halafu nikaingiwa na hofu, nikafafanua: ile ya mkebeni tu, ya Chula aiache wavuvi wafanye kazi.

Asubuhi baba aliibandua lami kwa kisu, bila haraka. Ndani palikuwa peupe. Haikuwa barafu ya kiwanda ile inayong'aa kama kioo. Ilikuwa na weupe wa maziwa, laini kidogo, na alipoibonyeza, kidole gumba kiliacha alama. Aliugeuza mkebe, bonge likateleza likaanguka kwenye saruji na kupasuka, na katikati yake yakachuruzika maji kidogo. Baba alilamba barafu ya pembeni. Akachovya kidole katika yale maji ya katikati, akalamba, akakunja uso wote. "Imeitema chumvi," akasema polepole. "Imeisukuma ndani." Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ndivyo bahari za ncha za dunia zinavyoganda, zikiitoa chumvi, hata barafu ikishazeeka wasafiri wa zamani waliiyeyusha wakapikia chai. Baba alilijua hilo kwa ulimi.

"Na haya ya tangi?" aliuliza, kama mtu aliyesalitiwa.

"Haya tumeyatia chumvi magunia kwa magunia, Fundi. Yameishinda bahari kwa ukali. Ulipokuja tulikuwa tumekwisha kutia, nawe hukuuliza."

Usilolijua ni usiku wa kiza. Mwaka mzima alichonga vifuniko juu ya maji asiyoyajua. Nilitaka kurukaruka, lakini nilipomtazama usoni furaha iliniishia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshajizoeza kuwa nami nyumbani, na sasa ilimbidi ajizoeze upya. Alinisindikiza hadi mlangoni kwa shangazi. "Rudi shule," akasema. "Neno langu ni neno. Ukija likizo utanifundisha mengine."

Likizo hiyo haikuja. Kabla muhula haujaisha vita viliingia Kismayo, nikakimbia na shangazi kwa njia ya barabara hadi kambini Kenya, na kutoka kambini tukapelekwa Ulaya. Wazazi wangu walivuka kwenda Mombasa, na baada ya miaka wakarudi Chula. Karatasi zangu zilipokamilika njia ya kwetu ilikuwa ya hatari, kisha baba akazeeka. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, husema mabaharia, naye aliamini hadi mwisho kwamba nami nitarudi. Tulizungumza kwa simu ya ndugu yangu. Baba hakuniuliza nakula nini wala nimezoea vipi. Aliuliza jambo moja, kama bahari imeganda leo: "Yeo imeganda?" Nami, ambaye kazi yangu katika mji wa kaskazini mwa Norwei ni kukata barafu ya bahari vipande na kupima chumvi iliyobaki ndani, nilimjibu kila mara: "Imeganda, baba." Miaka mingine haikuwa imeganda. Nilimdanganya mtu aliyeuchukia uongo kuliko njaa, ili asije akadhani aliniachia bure.

Baba alifariki mwaka jana, sikuwahi kumzika. Mwenzangu wa maabara, mama wa makamo aliyezaliwa hapa hapa, huniambia kwamba utotoni alivuka ghuba hii kwa miguu juu ya barafu kwenda kwa bibi yake. Sasa hupita boti, hata katikati ya kipupwe. Akisimulia hutazama maji kwa namna ninayoijua, namna yangu mimi nikitajiwa Chula, na hapo humtilia chai. Watu husema nina bahati, nimesoma, nimeokoka. Ni kweli. Lakini zipo siku ninapokata vipande vyangu vya barafu na kutamani, upumbavu mtupu, kwamba mkebe ule ungefunguliwa ukiwa maji. Baba angebaki na kosa lake maisha yake yote, nami ningekaa naye ile miezi michache iliyokuwa imebaki kabla ya vita.