Tarehe Nne za Gaspard

Nilimfungia mke wangu ndani, nikatia ufunguo mfukoni, nikapanda mlimani kumtafuta mwanaume wake.

Msinicheke. Ilikuwa 1998, vita imechacha, na mi Seifu, fundi magari wa mtaa wa Buyenzi, nilikuwa nimeshaliwa na wivu.

Chini ya godoro nilikuta kipande cha katoni ya biskuti. Tarehe nne, zimepishana miezi mitatu mitatu, na kando ya tatu za kwanza saini ya mtu: Gaspard. Ya nne ilikuwa kesho yake.

Ni siku zilezile mke wangu Mwanasiti anazoniaga kwamba anaenda kwa shangazi yake mlimani. Anaoga, anavaa kitenge kipya, ananukia. Nani anavuka bariyeri za askari kwa ajili ya shangazi? Roho iliniuma, wallahi.

Basi kulipokucha nikafunga mlango, nikabeba spana kubwa. Bariyerini wakaniuliza ya nini, nikasema kuna lori limekwama.

Kule juu kila mtu anamjua Gaspard. Hilo nalo likanichoma. Wakanionyesha zahanati, nje foleni ya wanawake, ndani mzee wa koti jeupe, miwani kaifunga uzi.

Nikamtupia katoni yake mezani. Nikamuuliza mke wangu anamfuata nini.

"We ndiye bwana ya Mwanasiti? Kadi ziliisha tangu embargo, tangu nchi jirani zitufungie bidhaa, naandika kwenye katoni. Anachomwa sindano ya uzazi wa mpango."

Nikamwambia mi nataka watoto kumi.

"Mtoto wenu wa mwisho alitoka kwa kupasuliwa. Mimba ingine itamuua. Hakukuambia?"

Aliniambia. Nilimjibu madaktari wanapenda kutisha watu, na kliniki ya mjini walipotaka saini ya mume ndipo wamchome, nikakataa.

"Sindano yake ni leo," Gaspard akasema. "Yuko wapi?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni.

Nilishuka mbio. Nyuma yangu risasi zikaanza, askari wakafunga njia ya kupanda mlimani. Nikakimbilia kliniki ya mjini nisaini, wakasema sindano zimeisha.

Nilipomfungulia Mwanasiti nikamwomba msamaha. Akachukua mto wangu akauweka barazani.

Wiki tano nililala gereji, ndani ya gari bovu. Mafundi wenzangu walinitania mpaka wakachoka. Njia ilipofunguliwa nikampeleka mwenyewe kwa Gaspard, nikapanga foleni na wanawake.

Wewe mwenye wivu, nisikilize. Nilipanda mlima mzima nikimtafuta mwanaume wa kumwangamiza mke wangu, kumbe ni mimi mwenyewe niliyebeba ufunguo.