Mashine Iliyoolewa Ngana

Kwa Kiswahili naitaja bila shida. Mvua. Mvua, mvua, mvua. Kiswahili hakikumzaa baba mkwe wangu wala hakikumpa jina. Kwa Kinyakyusa siitaji, kwa sababu baba mkwe alizaliwa inanyesha, na waliokuwepo hawakujisumbua kutafuta jina jingine.

Nilipoolewa hapa Ngana, wilayani Kyela, shangazi zangu waliniketisha wakanifundisha. Baba mkwe ukimwona njiani, unaiacha njia. Anapokula, hupiti. Jina lake halitoki mdomoni mwako, wala kitu chochote chenye jina hilo. Kanisani nako mchungaji alituambia tusalimiane wote, sisi ni ndugu katika Bwana. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Basi Jumapili nasikia tusalimiane, Jumatatu najificha kwenye migomba apite. Nilitii pande zote mbili.

Sasa jaribu wewe kuolewa Kyela, kunakonyesha karibu mwaka mzima, halafu ukatazwe kutaja mvua. Angeitwa Barafu ningepumzika. Nikawa nasema "maji ya juu". Watoto wangu wamekua wakisikia maji ya juu, wajukuu vilevile. Baba mkwe alifariki, tukamzika, tukamlilia vizuri, na maji ya juu yakabaki maji ya juu.

Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, ni mtaalamu wa akili mnemba. Nalisema mapema kwa sababu watu wa hapa hukaa wakisubiri nilitaje, na ni heri liishe. Anasoma chuo kikuu, shahada ile ambayo ukiimaliza hakuna nyingine mbele yake. Mimi niliishia darasa la tatu. Mwalimu alisema naongea sana. Mjukuu alipokuja kutafuta sauti ya kuifundishia mashine Kinyakyusa alirekodi watu wengi, akasikiliza wote, akachagua yangu. Yule mwalimu angekuwa hai ningemtumia salamu.

Mashine yenyewe inakaa ndani ya simu. Mkulima anaiuliza habari za hewa kwa Kinyakyusa, nayo inamjibu kwa Kinyakyusa, ajue lini aanike kakao na lini avune mpunga. Wataalamu wawili wangekuja Kyela mjini kuisikiliza mbele ya wakulima. Wakiikubali, mjukuu anamaliza masomo. Wakiikataa, chuo kilishamwambia hakuna kuanza upya.

Tulirekodi chumbani kwangu. Alitundika mablanketi ukutani, akaziba dirisha kwa godoro ili kelele zisiingie. Hewa nayo haikuingia. Yeye ananisomea kwa Kiswahili, mimi naitoa kwa Kinyakyusa. "Kesho kutakuwa na mvua kubwa." Natoa. "Mvua itaanza mchana." Natoa. Maji ya juu hapa, maji ya juu pale. Mara nyingine yenyewe ilianguka juu ya bati, hatusikilizani, mjukuu anazima kinasa sauti na tunakaa kimya tukingoja baba mkwe apite. Mjukuu hakushuku kitu. Kakulia Mbeya mjini, Kinyakyusa alicho nacho ni nilichompa mimi likizo kwa likizo. Wala sikumficha. Aliniomba niongee ninavyoongea, nikaongea.

Siku ya ukumbi nilivaa kitenge kipya nikakaa safu ya mbele. Nilikuwa nimeshawaambia akina mama wa kwaya, wauza ndizi wa stendi, na bodaboda aliyenileta, huyo akitaka asitake. Nyuma yangu alikaa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mimi na yeye tunaongea misibani tu, tangu mambo ya mpaka wa migomba. Sikumwalika. Alisema amekuja kama mkulima.

Mtaalamu wa kwanza alikuwa mwanamume aliyefunga tai katika joto la Kyela, na shati lilikuwa limeshamganda mgongoni. Wa pili alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Wote wawili waliniamkia, "Shikamoo, bibi." Nikaona elimu haijawaharibu.

Mjukuu akaiuliza simu, kesho tuanike kakao? Sauti yangu ikatoka kwenye spika, kubwa, safi, kama ya mtu aliyekula akashiba. "Msianike. Kesho asubuhi maji ya juu yataanguka kwa wingi."

Halafu bibi mmoja kutoka pembeni akauliza, "Jamani, hiyo mashine imeolewa kwa nani?"

Wanawake wakalipuka. "Imeolewa Ngana! Inamwogopa baba mkwe!"

"Mahari alipokea nani?"

"Si mwenye spika!"

Wifi akasimama kabisa, mkono kiunoni. "Mwacheni, ni mke wa kwetu huyo. Baba yangu anaheshimiwa mpaka ndani ya simu. Simu zenu zinamheshimu nani?"

Nilikuwa nimeanza kutabasamu, ndipo mkulima mmoja kijana akanyoosha mkono. Hakuwa anacheka. "Mimi ni mwanamume, sijaolewa popote," akasema. "Maji ya juu kwangu ni yale yanayoshuka kutoka milima ya Rungwe yakajaza mto. Ningekimbia kuhamisha ng'ombe. Kakao ningeiacha nje ilowe yote."

Kicheko kikaisha. Mjukuu wangu alimtazama yule kijana, akaitazama simu, kisha akanitazama mimi. Uso ule niliuona mara ya mwisho alipoanguka mtini akiwa mdogo, kabla hajajua kama atalia.

Mwenye tai akaomba aelezwe, akaelezwa. "Basi ni rahisi," akasema. "Mashine imefundishwa kosa."

"Siyo kosa," mama wa miwani akasema. "Ni heshima."

"Mashine haina heshima. Haina mkwe. Imesikia, imenakili, haifikirii chochote."

Yule mama akavaa miwani akanigeukia mimi. "Bibi, unaposema maji ya juu, huwa unamfikiria baba mkwe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini ukumbi wa wakulima wanaokufahamu si mahali pa kudanganya. "Hapana," nikasema. "Mdomo unakwenda wenyewe."

"Unaona," akamwambia mwenye tai. "Bibi naye alisikia kwa shangazi zake, akanakili, na hafikirii chochote. Sasa tofauti yake na mashine ni ipi?"

Wakaanza kubishana, wao kwa wao, kwa maneno marefu, huku nimekaa katikati yao. Mwenye tai anasema binadamu ana nia. Mama wa miwani anauliza nia ilikuwa wapi ikiwa mdomo ulikwenda wenyewe. Nilikuja kusikia mjukuu wangu akisifiwa, sikuja kulinganishwa na simu.

Jambo moja walikubaliana. Neno lirekebishwe kabla hawajaondoka Jumamosi, la sivyo hawataipitisha.

Nyumbani mjukuu alinifuata jikoni na kile kinasa sauti. Nilikuwa nachota maji kwenye chungu kilichofinyangwa Ikombe, akasubiri ninywe.

"Bibi, neno moja tu."

"Nalijua."

"Babu mzaa babu alifariki hata mama hajaolewa."

"Kufa si sababu."

"Atasikia nani? Tuko wawili humu."

"Mimi nitasikia."

Akaniwekea kinasa sauti mbele ya midomo. Nikafikiria shahada yake. Nikafikiria kwaya na wauza ndizi. Nikafungua kinywa, na neno likaja mpaka hapa, kooni, likakaa kama mwiba wa samaki. Nilisukuma. Nikatoa "maji ya juu" kwa sauti nzuri sana.

Mjukuu akazima, akainamia meza asinione. Mimi nikabaki nimeshangaa. Miaka yote hiyo nilidhani mdomo unakwenda wenyewe. Kumbe kuna mtu kaushika mkono anauongoza, na siku ya kutaka kupinda njia ndipo unamjua. Ningependa kumwambia yule mama wa miwani, lakini alishaenda kula samaki Matema.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kulisema neno lile kwa lafudhi ya nyumba yetu, na mjukuu alimjua, ila aliogopa kumtaja mbele yangu. Nikajifunga kanga nikaenda mwenyewe.

Wifi alikuwa uani anageuza kakao kwenye turubai. "Mwee," akasema, "leo umekumbuka kwamba nyumba hii ina mlango?"

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini? Chumvi?"

"Neno."

"Neno gani, wifi?"

"Unalijua."

"Silijui. Nitajie."

Nikamtazama, akanitazama. Halafu akacheka mpaka akakaa chini juu ya kakao yake. "Ulininyima mgomba mmoja wa mpakani," akasema akifuta machozi, "leo unakuja kuniomba baba."

"Ndiyo."

"Sema tafadhali."

Nikasema tafadhali, na kwa Kinyakyusa nikaongeza ndaga fijo, ahsante sana, kabla hajanipa chochote, ili asipate nafasi ya kukataa.

Alikuja jioni hiyo hiyo, kajipaka mafuta kana kwamba watampiga picha. Akaketi kwenye kiti changu, chini ya mablanketi yangu. Mjukuu alimwomba neno moja. Wifi akalisema moja, akasema na la mvua ndogo, la mvua kubwa, la mvua ya mawe, na la mvua inayonyesha huku jua linawaka, ambalo hakuna aliyemwomba. Kila alipolitaja alinikata jicho. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani, kanga kichwani. "Mvua ni ya baba yangu," akasema, "naitaja nikitaka."

Muda wa kuifundisha mashine upya haukuwepo, kwa hiyo mjukuu alishona kiraka: sentensi yote yangu, neno lile la wifi. Ijumaa ukumbini spika ikasema kwa sauti yangu, "Msianike. Kesho asubuhi," wifi akaingia akapiga kelele lile neno, nami nikamalizia, "itaanguka kwa wingi." Yule bibi wa pembeni hakukosa la kusema. "Juzi ilikuwa mke," akasema, "leo imekuwa wake wenza." Yule kijana alisema sasa kaelewa, kakao angeiingiza ndani. Mwenye tai akaandika akatia sahihi. Mama wa miwani alisema swali lake bado lipo palepale, akatia sahihi pia.

Mjukuu kamaliza. Ni daktari, si wa sindano, na hilo nawaeleza watu kabla hawajaleta watoto wao.

Simu nayo imeenea. Alfajiri naisikia kwa jirani, ng'ambo ya ua, sauti yangu inaanza, ya wifi inachomoza katikati, yangu inamalizia. Sokoni watu wanamsalimia wifi kwanza. Anasema kazi yangu mimi ni kubeba sentensi, na habari yenyewe ni yeye. Mgomba wa mpakani nimemwachia.

Na simu ikishasema "kesho asubuhi", popote nilipo, mkono unavuta kanga kichwani. Unakwenda wenyewe.