Kiti cha Prezo

Wengine waliingia siasa kwa akili, wengine kwa ngumi. Mimi niliingia na kiti kichwani. Kilikuwa cha mbao, mkono mmoja umevunjika, na nilikibeba kila mkutano kwa sababu Prezo hakukubali kukalia kiti cha mtu mwingine.

Prezo alikuwa mwenyekiti wa zamani wa chama cha wapangaji hapo kwetu Eastlands. Alitaka tumwite prezidenti, lakini miaka hiyo prezidenti Kenya nzima alikuwa mmoja tu, na kuta zilikuwa na masikio. Tukakata jina likawa Prezo, na hata hilo tulilitamka tukiangalia nyuma. Alitawala mpaka akaangushwa, akanuna kama mtu aliyenyimwa nyama kwa harusi ya mtoto wake.

Chama kilikuwa na pande mbili: ya mwenyekiti mpya na ya wenye maduka. Asubuhi moja Prezo akatangaza upande wa tatu. Eti mageuzi.

"Hawa wote ni bure," akasema, amekalia kile kiti. "Nimerudi kusafisha."

Kusafisha nini, na uchafu ni wake? Yeye ndiye alimfukuza mama yangu pale geti ya mtaa alipokuwa akiuza sukuma wiki. Mama akahamia nyuma ya vyoo, na wewe niambie nani ananunua mboga nyuma ya vyoo. Sasa Prezo akamjia na meno yote nje.

"Mama, nikishinda, geti ni yako."

"Si ni wewe ulinitoa?"

"Huyo alikuwa Prezo wa zamani. Huyu ni mpya."

Nilicheka, nikaona hiyo ndiyo akili. Niliacha shule kidato cha pili, na inaonekana masomo ya kushtukia uongo yalikuwa cha tatu. Mama hakucheka. Lakini aliitaka ile nafasi, akasema atapanga laini.

Kura siku hizo ilikuwa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako, karani anahesabu vichwa, imeisha. Jumapili baada ya kanisa tukajipanga uwanjani, laini tatu. Yetu ilikuwa fupi kuliko zote. Zile mbili zingine zilikuwa karibu sawa, na mwenyekiti akaona hesabu hiyo mapema. Akamjia Prezo, akamnong'oneza.

Prezo akakohoa. "Kiti!"

Nikabeba. Prezo akaanza kutembea, mimi nyuma yake, na laini yote nyuma yangu, kwa sababu kwa mlolongo mtu anaangalia mgongo ulio mbele yake, haulizi unaenda wapi. Kushtukia, tuko laini ya mwenyekiti! Prezo akakaa, akatangaza kwamba yeye sasa ni mlezi wa chama. "Mageuzi huanzia ndani," akasema. Bila aibu. Na watu wakapiga makofi, wajinga, mimi nikiwa wa kwanza.

Ndipo nikamwona mama. Amebaki katikati ya uwanja peke yake.

"Mama, mtu wako ameenda," karani akamwambia.

"Nimemwona. Nihesabu."

"Uko nyuma ya nani sasa?"

"Mimi nilikuja kwa sababu ya geti. Nihesabu."

Karani akamwonyesha kwa kijiti. "Moja."

Uwanja ukaangua kicheko. Mimi sikuweza. Prezo akainuka kusalimia watu, nami nikanyakua kiti, nikavuka uwanja nacho kichwani mpaka kwa mama.

"Kaa, mama."

"Nani amekuambia nimechoka? Peleka geti."

Jumatatu akapanga sukuma juu ya kile kiti, pale geti. Vijana wa mwenyekiti wakaja kumtoa, wakauona ule mkono uliovunjika, wakasimama.

"Hiki si cha mlezi?"

"Kamuulizeni."

Wakaangaliana, wakaenda zao. Hawakurudi. Prezo naye hakuthubutu kukidai, maana angelazimika kusema nani alikichukua, na mbele ya nani. Alikuwa akipita hapo jioni, anakitazama kwa jicho la pembeni, ananunua fungu moja la sukuma akiwa amesimama.